Kabla ya Kuuliza Bei ya Sindano ya Uso, Uliza Jokofu

Kati ya tarehe 4 Juni na tarehe 14 Julai mwaka 2025, mamlaka ya afya ya Uingereza ilihesabu watu 38 waliougua botulizimu, ugonjwa wa sumu inayolegeza misuli, baada ya kudungwa sindano za urembo za aina ya Botox, zinazolainisha makunyanzi kwa kipimo kidogo mno cha sumu hiyohiyo. Wagonjwa hao walipata shida ya kumeza, maneno yao yakawa mazito kinywani, na wengine walihitaji kusaidiwa kupumua. Habari hiyo ilifika Kampala kama zifikavyo habari nyingi siku hizi, imekatwa kichwa na miguu, kikabaki kiwiliwili cha kutisha kinachozungushwa katika makundi ya simu. Upande mmoja ulisema: mnaona, tuliwaambia ile ni sumu. Upande wa pili, wenye picha za nyuso laini za kuonyesha, ulijibu kwamba waliougua ni watu waliopenda vya bei nafuu, na kwamba mwenye fedha zake hana cha kuogopa.

Naona pande zote mbili zimeisoma habari hii vibaya, na kosa lao linawagusa watu wengi zaidi kuliko wale wachache wanaofikiria kudungwa. Uamuzi wa kuondoa makunyanzi kwa sindano hauhusu kwanza urembo, wala umri, wala maadili, wala hata sumu yenyewe. Unahusu mnyororo ambao mteja hauoni: dawa ilitoka kiwanda gani, ilipita mikononi mwa nani, ilihifadhiwa katika baridi gani, ilifunguliwa lini, anayeidunga ni nani, na mambo yakiharibika mteja atarudi wapi. Mtu aliyeko Uganda leo ambaye hawezi kupata majibu ya maswali hayo kabla ya kukaa kwenye kiti, jibu lake la busara ni "bado", hata kama hana kizuizi chochote cha dini au cha mila. Na anayeweza kuyapata, sioni sababu ya jirani kumsimanga.

Historia ya dawa hii inasaidia kuwatuliza wanaoiogopa na wanaoiabudu pia. Katika miaka ya 1820 daktari mmoja wa Ujerumani, Justinus Kerner, aliandika kwa kina juu ya watu waliokuwa wakifa baada ya kula soseji zilizoharibika, na jina la sumu hiyo limetokana na neno la Kilatini la soseji, botulus. Mwaka 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, wanamuziki waliokuwa wamepiga muziki mazishini walikula nyama ya nguruwe iliyohifadhiwa kwa chumvi. Wengi waliugua na watatu wakafa, na uchunguzi wa Emile van Ermengem ndio uliomfichua mwuaji, bakteria tunayoiita leo Clostridium botulinum. Ilichukua miongo mingi kabla ya Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, kuonyesha kwamba tone dogo mno la sumu hiyo linaweza kulegeza msuli unaovuta jicho upande, na mwaka 1989 Marekani ikaidhinisha dawa hiyo kwa makengeza na kwa kope zinazofumba zenyewe bila hiari. Makunyanzi yaliingia kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1987, huko Vancouver, daktari wa macho Jean Carruthers alikuwa akimtibu mgonjwa wa kope, na mgonjwa huyo akalalamika kwamba safari hii hakudungwa kati ya nyusi, mahali ambapo sindano humfanya aonekane hana wasiwasi. Carruthers na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, walichapisha matokeo yao mwaka 1992. Marekani iliidhinisha matumizi hayo ya urembo mwaka 2002.

Kwa hiyo tunachozungumzia ni dawa ya hospitali iliyohamia kwenye kioo cha kujipambia, na bado inatumika hospitalini kwa watoto wenye mtindio wa ubongo ambao misuli yao imekakamaa, kwa kipandauso sugu, na kwa jasho la makwapa lisilozuilika. Namna inavyofanya kazi si fumbo. Neva inapotaka msuli ukaze huachia kemikali iitwayo asetilikolini. Sumu ya botulini hukata protini moja ndani ya ncha ya neva ili kemikali hiyo isitoke, na msuli hupumzika kwa lazima. Dalili za kazi yake huanza kuonekana baada ya siku chache, hukamilika katika wiki mbili hivi, na huisha baada ya miezi mitatu au minne kwa sababu neva hujirekebisha. Kwa mistari ya kati ya nyusi kipimo kilichozoeleka cha Botox ni uniti 20, zinazogawanywa katika sehemu tano, ilhali kiasi kinachokadiriwa kumuua mtu mzima ni maelfu ya uniti. Lakini uniti za Botox si sawa na uniti za Dysport wala za chapa nyingine, na anayezihesabu kama kilo za sukari zinazofanana katika kila duka anaweza kumdhuru mtu akiwa na nia njema kabisa.

Sasa turudi Uingereza, maana somo la wale 38 liko pale. Mamlaka za nchi hiyo zilisema kwamba wagonjwa walidungwa bidhaa isiyo na kibali. Mwaka mmoja kabla yake, Marekani ilihesabu wanawake 22 katika majimbo 11 waliodhurika kwa sindano za namna hiyo, na nusu yao walilazwa hospitalini. Uchunguzi uligusa dawa ghushi na watu wanaodunga bila leseni, wengine wakidunga majumbani. Sisi huku tumezoea kudhani kwamba nchi zile zimefunga kila mwanya, na ndiyo maana anayerudi kutoka London na uso mpya haulizwi maswali. Ukweli ni kwamba nchini Uingereza dawa yenyewe haitolewi bila cheti cha daktari, ila mkono unaoshika bomba la sindano unaweza kuwa wa mtu asiye na taaluma yoyote ya afya. Tume iliyoongozwa na Sir Bruce Keogh ilionya juu ya hatari hiyo mwaka 2013. Sheria ya kuzuia walio chini ya miaka 18 kudungwa kwa ajili ya urembo ilianza kutumika huko Oktoba 2021 tu, na mamlaka ya kuanzisha leseni kwa wadungaji yaliingizwa katika sheria mwaka 2022. Nchi tajiri, yenye umeme usiokatika na wakaguzi wa kutosha, ilichelewa kiasi hicho. Kwa hiyo hoja ya kwamba "walipenda vya bei nafuu" haitoshi, kwa sababu mteja wa mwisho katika mnyororo huo hakuwa na macho ya kuona alichouziwa, awe alilipa kidogo au kingi.

Kabla sijaendelea, niwatendee haki wanaotaka sindano hii, kwa sababu hoja zao hupuuzwa kwa haraka mno. Iko hoja ya hiari: mtu mzima anayetumia fedha zake mwenyewe, asiyechukua kitanda cha mgonjwa wa hospitali ya Mulago, anaamua juu ya paji lake la uso kama anavyoamua juu ya nywele zake. Iko hoja ya kazi, ambayo kwangu ina uzito zaidi. Mwanamke anayekaa kwenye dawati la mapokezi, anayesoma habari, anayeuza bima au nyumba, hupimwa kwa uso wake kila siku, na mstari mzito kati ya nyusi humfanya aonekane amekasirika hata anapowaza mambo ya kawaida kabisa. Wapo wanaume pia, wengi kuliko wanavyokiri. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba anapaswa kuridhika na alivyo ni rahisi kwa yule ambaye mshahara wake hautegemei kutazamwa. Na iko hoja ya takwimu: dawa hii imetumika kwa urembo zaidi ya miaka 20, na ikidungwa kwa kipimo sahihi na mtu aliyefunzwa, madhara yake mengi ni madogo na ya kupita, kama vile maumivu ya kichwa, wekundu kidogo, au kope kulegea kwa wiki kadhaa.

Upande wa pili una hoja mbili zinazosikika zaidi, nazo ndizo dhaifu zaidi. Ya kwanza ni kwamba ni sumu, basi haifai. Kwa mantiki hiyo tungeitupa digoksini inayotuliza moyo, ambayo asili yake ni mmea wenye sumu, na tungewakatalia watoto wenye misuli iliyokakamaa dawa ileile kwa kipimo kikubwa kuliko cha wenye makunyanzi. Hoja ya pili ni kwamba jambo hili si la Kiafrika, kwamba bibi zetu walizeeka kwa heshima na sisi tunakimbilia ya Wazungu. Hoja hii inapendwa redioni, lakini haisimami. Wakaramoja walichanja ngozi zao kwa mistari ya makusudi ili mwili useme jambo. Wanubi wa Bombo wanajua hina kuliko saluni yoyote ya Kampala. Wanja ulipakwa machoni pwani kabla ya meli ya Mreno wa kwanza kutia nanga. Mwafrika hajawahi kuuacha mwili wake kama alivyoukuta, na gomesi tunalovaa leo kama vazi la asili lina historia ya ukoloni ndani ya mshono wake. Kinachotofautisha sindano na hina si asili yake. Hina ikiharibika inafutika, na aliyekupaka ni jirani unayemjua. Nyumbani kwa Waganda aliyemfunza binti juu ya mwili wake alikuwa ssenga, shangazi wa upande wa baba, na jambo moja juu ya ssenga ambalo hatulitaji vya kutosha ni kwamba hakuwa na bidhaa ya kuuza. Mshauri wa leo aliyeko kwenye simu anakushauri na kukutoza palepale.

Hoja ambayo ningependa kuisikia zaidi, na ambayo haisemwi na upande wowote, ni ya ngozi yenyewe. Dawa hii inapunguza makunyanzi yanayotokana na mwendo wa misuli: yale yanayojitokeza ukikunja uso, ukiinua nyusi, ukicheka hadi pembe za macho zijikunje. Mstari uliokwisha kuchimbika, unaobaki hata usingizini, unalainika kidogo tu. Mkunjo unaoshuka kutoka puani hadi kinywani hauihusu dawa hii kabisa, kwa kuwa huko tatizo ni mafuta na mifupa ya uso kupungua. Madoa meusi ya mashavuni nayo hayaguswi. Na ngozi nyeusi huzeeka kwa utaratibu wake: melanini, rangi ya asili ya ngozi, huizuia sehemu kubwa ya miale ya jua inayovunja kolajeni inayoikaza ngozi, kwa hiyo makunyanzi membamba huchelewa kwa miaka mingi ikilinganishwa na ngozi nyeupe, lakini rangi huanza kutofautiana mapema, na uso hupungukiwa nyama. Sisi tunaishi karibu juu ya mstari wa ikweta, katika mwinuko wa mita 1,200 hivi kwa Kampala, na jua letu halina msimu wa kupumzika. Mwanamke wa Ntinda mwenye miaka 45 akijitazama kwenye kioo na kuona "uzee", mara nyingi anachokiona ni madoa, wala si mikunjo. Atalipia sindano, paji la uso litatulia, na kioo kitaendelea kumwambia maneno yaleyale. Krimu ya kukinga jua, kofia, na dawa za kupaka zenye asili ya vitamini A kwa usimamizi wa daktari zitamsaidia zaidi kwa gharama ndogo, ila hizo hazina picha ya kabla na baada ya siku 14, kwa hiyo hazitangazwi.

Hapo pia ndipo mkorogo unapoingia. Uganda imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini kila anayetembea sokoni Kikuubo anajua kwamba marufuku na upatikanaji ni vitu viwili. Baadhi ya krimu za kung'arisha zina steroidi kali zinazoikonda ngozi hadi mishipa ionekane. Mteja aliyezitumia miaka kumi anaingia kliniki akitaka sindano, haulizwi kitu, naye hasemi kitu kwa sababu ya aibu. Ngozi hiyo huvilia damu kwa urahisi na hupona polepole, na sindano inabebeshwa lawama ya kosa lililoanza kwenye kopo.

Niseme sasa juu ya chupa, maana huko ndiko uchumi wa jambo hili ulikojificha. Botox haiji ikiwa maji. Huja kama unga mkavu ndani ya chupa ndogo, kwa kawaida ya uniti 50 au 100, inayopaswa kukaa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Daktari huitia maji ya chumvi safi, na baada ya hapo maelekezo ya mtengenezaji ni kwamba chupa hiyo ni ya mgonjwa mmoja na itumike ndani ya saa 24. Sasa fanya hesabu ya mwenye kliniki. Mteja mmoja wa mistari ya nyusi anatumia uniti 20 kati ya 100. Katika jiji lenye wateja wengi, kama Dubai au Nairobi ya matajiri, chupa itamalizika mchana huohuo, hata kama maelekezo ya mgonjwa mmoja yamepindishwa. Katika Kampala, ambako soko bado ni jembamba, uniti 80 zinabaki. Mwenye kliniki ana njia tatu: kuzimwaga na kumtoza mteja gharama ya chupa nzima, kuziweka kwenye jokofu zimngoje mteja wa wiki ijayo, au kuongeza maji zaidi ili chupa ionekane imeenea. Njia ya kwanza humfukuza mteja; ya pili na ya tatu hazionekani. Tuongeze umeme unaokatika usiku mzima na jokofu lisilo na kipimajoto. Dawa iliyopoteza nguvu haiui mtu, nakubali, humwibia tu. Lakini anayeona haifanyi kazi hurudi kuongezewa, na safari ya pili chupa huenda ikawa mpya na kali, au ikawa ile iliyoingia nchini ndani ya sanduku la nguo. Hatari katika soko jembamba haimtaki muuzaji mwovu. Inamtosha muuzaji wa kawaida anayechukia hasara.

Mwaka jana nilimsindikiza mdogo wangu, mwenye miaka 46, kwenye kliniki moja ambayo sitaitaja. Mapokezi yalikuwa mazuri kuliko ya benki. Dada mmoja aliyevaa sare nyeupe akaja na bomba la sindano ambalo tayari lilikuwa limevutwa dawa. Mdogo wangu akaomba kuiona chupa. Akaambiwa imekwisha kutupwa. Akauliza jina la daktari. Akaambiwa daktari yuko safarini lakini "ameacha maelekezo". Tulishukuru, tukatoka. Sidai kwamba bomba lile lilikuwa na dawa ghushi. Nasema tu kwamba hakuna hata mmoja wetu pale, pengine pamoja na yule dada, aliyekuwa na namna ya kujua, na ndivyo ilivyokuwa pia kwa wale wanawake wa Marekani na wale wagonjwa wa Uingereza.

Mkono una uzito sawa na chupa. Anayedunga lazima ajue misuli iliyo chini ya ngozi, kwa sababu dawa ikiteleza kidogo tu kutoka kwenye nyusi kope hushuka, na hakuna sindano ya kuirudisha. Kuna dawa ya matone ya macho ya kusaidia kidogo, na subira. Lazima pia aulize maswali ambayo saluni haiulizi: je, una mimba au unanyonyesha, una ugonjwa wa misuli kuchoka uitwao miasthenia, unatumia viuavijasumu vya jamii ya jentamaisini ambavyo huongeza nguvu ya sumu hii? Na lazima ajue la kufanya usiku wa siku ya tano, mteja akipiga simu kusema kwamba maji yanampalia. Dawa ya kupinga sumu hii ipo duniani, lakini inafaa ikitolewa mapema; inazuia sumu isiendelee, haiondoi iliyokwisha kushika neva. Baada ya hapo ni mashine ya kupumulia, na vitanda vya wagonjwa mahututi nchini mwetu si vingi kiasi cha kuvitegemea kwa ajili ya paji la uso.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo hulichanganya kwa makusudi au kwa ujinga: vijazio vya asidi ya hialuroni, vinavyotiwa mashavuni na midomoni, si dawa moja na Botox. Hivyo havilegezi msuli, vinajaza nafasi, na hatari yake kubwa ni ya aina nyingine kabisa. Kikiingia ndani ya mshipa wa damu kinaweza kuua ngozi ya eneo hilo au kuzima jicho, na muda wa kuokoa ni mfupi sana. Kliniki inayodunga vijazio bila kuwa na kimeng'enya cha kuviyeyusha palepale kabatini haipaswi kuguswa.

Gharama nayo husemwa nusu. Bei unayotajiwa ni ya mara moja, ilhali kinachonunuliwa ni ada ya kila mwaka: mara tatu au nne, mwaka baada ya mwaka. Ukiacha, uso haudhuriki, unarudi tu kwenye mwendo wake. Wauzaji wameanza kujibu hesabu hii kwa neno "kinga", wakiwaambia wasichana wa miaka 24 kwamba wakianza sasa hawatakunjamana kamwe. Wanaoipenda hoja hiyo hutaja mapacha wanaofanana, waliochunguzwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, ambao mmoja alidungwa kwa miaka 13 na mwenzake mara mbili tu; mistari ya yule wa kwanza ilikuwa hafifu zaidi. Sina ugomvi na matokeo hayo, ila ni uso wa watu wawili, weupe. Kumshawishi mwanafunzi wa Makerere aanze malipo ya miaka 30 kwa ushahidi huo, wakati melanini yake inamfanyia kazi ileile bure, ni biashara iliyovaa koti la daktari.

Serikali ifanye nini? Wako wanaosema isifanye kitu, kwamba nchi yenye malaria na akina mama wanaofia uzazini haina muda wa makunyanzi ya wenye pesa. Hoja hii nimeifikiria sana kwa sababu ina uzito wa haki ndani yake. Lakini inakosea mahali. Oksitosini inayozuia mama kuvuja damu baada ya kujifungua inahitaji nyuzi zilezile 2 hadi 8. Insulini ambayo haijafunguliwa vilevile. Mkaguzi anayejua kusoma kipimajoto cha jokofu la kliniki ya urembo amejifunza kusoma la zahanati, na njia ya magendo inayopitisha chupa moja hupitisha nyingine. Wengine wanahofu kwamba masharti makali yataisukuma biashara hii vyumbani mwa watu. Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo maana sipendekezi marufuku. Sheria ya mwaka 1993 iliyounda NDA, mamlaka ya taifa ya dawa, inatosha kuanzia: hii ni dawa, haiwi kipodozi kwa sababu inauzwa saluni, na matangazo ya dawa ni eneo la NDA, si la mwenye akaunti ya TikTok. Anayetangaza sindano atakiwe kuandika jina la daktari na namba yake ya usajili katika baraza la madaktari, UMDPC, kwa herufi zinazosomeka. Kliniki itakiwe kumkabidhi mteja lebo ya chupa yenye namba ya toleo na tarehe ya kufunguliwa, kama tunavyokabidhiwa kadi ya chanjo. Umri uwekwe, miaka 18, bila mjadala mrefu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji bajeti ya kujenga hospitali.

Mpaka hayo yafanyike, mzigo umebaki kwa mteja, nao si mzigo wa haki. Lakini unabebeka zaidi kuliko tunavyodhani. Wiki mbili baada ya ile kliniki ya bomba lililokwisha kuvutwa, mdogo wangu alipiga simu mahali pengine. Daktari alipokea mwenyewe, akamtajia namba yake ya usajili bila kuombwa mara mbili, akasema huwakusanya wateja Jumamosi moja kwa mwezi ili chupa zifunguliwe na kumalizika siku hiyo, na kwamba anaweza kuja kuiona chupa ikiwa bado na kizibo chake. Alikwenda. Daktari akamwangalia mistari miwili kati ya nyusi, akampa karatasi yenye maandishi madogo, akamwomba asome. Mdogo wangu akaisogeza mbali, akakunja uso, akaisogeza tena. Akaandikiwa barua ya kwenda kupimwa macho. Sasa ana miwani ya kusomea, na ile Jumamosi ameisogeza hadi mwakani.